Usingizi wa Pili

6 Mei
Nesi Faith amesema niandike. Nilikwenda zahanati kwa ajili ya mkono niliounguza kwenye pipa la pombe yangu ya komoni, nikadhani atanipaka dawa aniache niende zangu, kumbe akaanza kunichimba: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unaota nini. Nikamweleza. Nalala mapema kama kuku. Jogoo wa kwanza naamka kusukuma kuni chini ya pipa, maana pombe isipochemka sawasawa wateja wananitukana hadi na ukoo wangu. Halafu narudi kitandani mpaka kupambazuke. Akauliza, huo usingizi wa pili ukoje? Sikwenda pale kumsimulia mtu usingizi wangu wa pili.

Basi naandika. Mimi ni Coleta, mke wa Alois, wa hapa Pito. Watu wananiita Mama Avelina. Avelina amekufa, huu ni mwaka wa tatu, na jina bado ninalo.

7 Mei
Nimelala, nimeamka. Upepo.

9 Mei
Niliapa sitaandika hili, lakini Alois hana habari na vitu vyangu, na nesi si mtu wa hapa.

Usingizi wa kwanza sioti kitu. Nikianguka nimeanguka. Usingizi wa pili ndio wenye mambo. Najikuta jikoni, pipa linatokota, moshi umejaa hadi darini, na macho yangu hayawashi hata kidogo. Hapo ndipo ninapojua. Najiambia, Coleta, moshi usiowasha si moshi, unaota wewe. Mtu mwingine angezinduka. Mimi sizinduki. Najizuia taratibu, kama ninayebeba ndoo iliyojaa, natoka mlangoni, na Avelina yuko uani.

Ana miaka minane ileile. Amevaa sweta la kijani la shule, kiwiko kimetoboka, nami nilikuwa nimesema nitashona. Anachezea maganda ya mahindi. Akiniona anasema, "Mama, umechelewa." Nakaa naye. Hatufanyi kitu kikubwa. Namsuka nywele, hazishiki mkononi vizuri, nasuka hivyohivyo mpaka nizinduke.

Mwanzoni ilikuwa inatokea mara mojamoja kwa bahati. Sasa naijua njia.

12 Mei
Misa nzima mtoto wa Agnesi amelia. Padre alipandisha sauti, mtoto naye akapandisha. Agnesi ni mke wa Valerian, mdogo wake Alois. Tunaishi ua mmoja sote: sisi, wao, na mama mkwe wetu Josefina kwenye kijumba chake katikati. Agnesi bado msichana, huyu ndiye mtoto wake wa kwanza, na tangu mtoto azaliwe mwezi Machi hakuna aliyepumzika katika ua huu. Wamempa jina Redempta, la mama yake Agnesi. Hajabatizwa bado.

Simchukii mtoto. Nachukia tu kwamba analia na mimi nasikia.

13 Mei
Nesi amesoma ukurasa wa kwanza tu, nimefunika mwingine kwa kiganja. Halafu nikamwambia kwa mdomo, kwa kujizungusha, kwamba kuna ndoto ninaota huku najua naota. Nilidhani atanitazama kama wenzangu wa jumuiya ya kanisani wanavyonitazama. Akacheka.

"Mama, hiyo si ya ajabu. Inaitwa ndoto ya kujitambua. Wapo watu wanaitafuta kwa makusudi. Wanaamka alfajiri, wanakaa kidogo, wanarudi kulala. Usingizi wa mwishomwisho ndio wenye ndoto nyingi, na kichwa kinakuwa kimeamka nusu."

"Mimi sikuitafuta. Nilikuwa nachemsha pombe."

"Basi pombe imekufundisha."

Halafu akasema neno ambalo sikulipenda. Akasema uzuri wa ndoto hizo ni kwamba mtu anaweza kuziendesha atakavyo. Nikavaa kandambili zangu nikaondoka.

15 Mei
Tumeanza kukata ulezi. Tunakata suke kwa suke na visu vidogo, migongo inavunjika, umande una baridi ya kukata vidole. Mama mkwe na mimi tumeshika matuta mawili yanayofuatana, asubuhi nzima, bila kusemezana.

Nitaandika mara moja nisirudie. Masika ya mwaka ule nilikwenda Namanyere kwenye harusi ya dada yangu nikamwachia mama mkwe Avelina. Mtoto akashikwa na homa siku ileile niliyoondoka. Mama mkwe akamfunika blanketi, akampa maji ya majani, akasema ni homa ya watoto, itapita. Kesho yake akasema itapita. Siku ya tatu walimpakia kwenye bodaboda wampeleke mjini hospitali, hakufika. Alois alikuwa Laela anauza mahindi. Mimi nilikuwa nacheza ngoma na ndugu zangu. Hakuna aliyenipigia simu mpaka yameisha.

Sijawahi kumwambia kitu. Kila asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama," anaitikia, "Marahaba," tumemaliza. Yeye halali. Nikiamka kusukuma kuni namwona kwenye upenyo wa mlango wake, ameketi na kibatari, anachagua maharage. Maharage yaleyale, ameyachagua miaka mitatu. Watu wanasema ni uzee. Mimi nasema nafsi inamsuta, na nafurahi.

16 Mei
Ulezi.

17 Mei
Ulezi. Mtoto amelia mpaka sauti imekauka.

20 Mei
Nilijua litakuja, sikujua litakuja mapema hivi.

Jioni tulikuwa tunaanika masuke, Agnesi akapita na mtoto mgongoni, anampigapiga matako, mtoto anajikunja kama mjusi. Mama mkwe akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo amekataa jina."

"Mama?" Agnesi akauliza.

"Redempta si jina lake. Anamlilia mwenye jina lake." Halafu akanitazama mimi.

Kwa ukoo huu mtoto akilia mchana na usiku wanasema amekataa jina, na kuna marehemu anayetaka lake liinuliwe, apewe mtoto huyo. Lakini haliinuliwi hivihivi. Lazima marehemu mwenyewe aje katika ndoto ya mtu wa nyumba hii na kulidai. Na marehemu akiwa mtoto, mama yake huulizwa kwanza. Wanaamini pia kwamba jina likishainuliwa marehemu anapumzika. Haji tena kwenye usingizi wa mtu yeyote.

Yaani wananiomba nimfukuze mwanangu kwa mkono wangu. Na Agnesi ndiye atakuwa Mama Avelina. Mimi wataniita nani?

21 Mei
Nimegombana na Alois. Alisema, "Jina halivaliwi na mtu likachakaa, mke wangu. Tumpe mtoto alale." Nikamwambia anyamaze kama alivyonyamaza miaka mitatu. Amekwenda kulala kwa Valerian.

24 Mei
Baba mkubwa Loth amekuja kutoka Laela, yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Amekunywa komoni yangu, ameisifu, kisha akaanza. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya Juni. Jina lijulikane kabla.

"Coleta, sisi hatukulazimishi. Tunasikia marehemu anakutembelea."

"Nani kasema?"

Alois akaangalia vidole vya miguu yake. Kumbe huwa naongea usingizini, na mume wangu ameniuza.

"Basi akija, muulize," akasema Loth. "Akikubali, tumeinua. Akikataa, tumeacha. Hilo ndilo la haki."

Ni la haki kweli. Nilikosa pa kushika nikakubali.

27 Mei
Amekuja. Sikumuuliza. Neno la nesi lilikuwa linaniwasha, eti mtu anaweza kuziendesha. Nikajaribu kwa jambo dogo tu. Nikawaza, asimame. Akasimama. Nikawaza, acheke. Akacheka, kicheko chake kilekile cha kuziba mdomo. Nilizinduka nimelowa jasho, na nje kuna baridi ya Juni kabla ya Juni.

Nimeliacha. Sitarudia tena.

28 Mei
Nimerudia. Nilimpa sweta jipya. Lilimkaa vizuri.

2 Juni
Nimeuliza. Nilimkuta uani, nikamshika mabega, nikamwambia, "Wanataka jina lako wampe mtoto wa Agnesi. Unakubali?" Akasema palepale, "Sitaki, mama. Ni langu."

Niliamka na furaha ambayo sijaipata tangu nimzike. Nikaenda kumwamsha Alois, amerudi kitandani kwetu baridi ilipozidi.

"Amekataa," nikamwambia.

Akajivutia blanketi, nikadhani amelala tena. Kumbe anawaza.

"Amekataa yeye," akasema, "au umekataa wewe?"

Ningekuwa na mwiko mkononi ningempiga nao.

3 Juni
Ukungu mpaka saa nne. Sijasema na mtu.

4 Juni
Au umekataa wewe. Mwanaume ambaye hajasoma hata barua yake mwenyewe mpaka mwisho, leo ndiye ananiwekea maneno ya kunikosesha raha.

6 Juni
Tumeanza kupura. Fimbo zinapanda, zinashuka, vumbi la ulezi linaingia hadi kwenye meno. Leo nimembeba mtoto wa Agnesi kidogo ili mama yake apumzike. Alinilalia begani, sikio kwangu, nikasikia harufu. Nikamgeuza. Sikio linatoa usaha. Nikamwambia Agnesi ampeleke kwa nesi Faith. Akasema, "Dada, mama amesema ni jina." Nikamwambia jina halinuki. Ni binti mwenye adabu, hajibu mtu, na hafanyi unachomwambia.

9 Juni
Leo ukurasa hautatosha.

Nilikwenda kulala na nia. Kuna swali moja ambalo sijawahi kumuuliza kwa sababu nilikuwa naogopa jibu, nalo ndilo pekee ambalo mimi silijui. Mengine yote anayoniambia nayajua: kuhusu shule, kuhusu mbuzi aliyemkimbiza, kuhusu rafiki yake wa kule ng'ambo ya mto. Hili silijui kwa sababu sikuwepo.

Jogoo akawika, nikasukuma kuni, nikakaa kidogo nikiota moto, nikarudi. Moshi ukaja, macho hayakuwasha. Nikatoka. Alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, miguu haifiki chini.

Nikasema, "Siku zile nikiwa Namanyere, uliniita?"

Akanitazama. Nami moyoni nilikuwa naomba, sema hapana, sema ulikuwa umelala hukujua kitu. Akasema, "Sikukuita, mama. Nilikuwa nimelala."

Badala ya kushukuru nikaogopa. Maana lilikuwa neno langu, nilikuwa nimelishika mdomoni sijalitoa, naye akalitoa. Nikajilazimisha kuwaza kinyume. Nikawaza, aliniita, aliniita usiku kucha na mimi nacheza ngoma. Akasema, kwa sauti ileile, na uso uleule, "Nilikuita sana, mama. Nilikuita usiku kucha."

"Ipi kweli?"

"Ipi kweli?" akasema.

"Avelina, usinirudie maneno."

Midomo yake ilitembea pamoja na yangu. Kisha ikatangulia. Nilikuwa nafungua mdomo kusema mwanangu, naye akasema mwanangu kabla yangu, akinitazama mimi. Nikampiga kofi. Nimempiga mtoto aliyekufa kofi, na kiganja hakikugusa kitu.

Nimeamka nimekaa. Alois ananiuliza una nini, namwambia lala.

Kwa hiyo hajui ninachotaka kujua. Hajui kitu chochote ambacho mimi sikijui. Zaidi ya miaka miwili nimekuwa nasuka nywele zangu mwenyewe. Na siku ile aliposema sitaki, ni langu, nani alisema? Alois ameshinda, na hata hajui kwamba tulikuwa tunashindana.

10 Juni
Sikurudi kulala baada ya kuni. Nimekaa tu.

11 Juni
Vilevile.

14 Juni
Mama mkwe ameota.

Ametangaza asubuhi mbele ya Valerian na Agnesi na jirani aliyekuja kununua kimea. Eti usiku wa kuamkia leo Avelina amemjia, amevaa nguo nyeupe, amesimama mlangoni, akasema, "Bibi, mpe mdogo wangu jina langu, mimi nimechoka kulibeba." Jirani akapiga kigelegele. Agnesi alilia. Valerian akatoa simu kumpigia baba mkubwa Loth.

Nguo nyeupe! Mwanangu hakuwahi kuwa na nguo nyeupe zaidi ya ile ya komunyo, nayo aliichukia, ilikuwa inamkwaruza shingoni.

Na kuna jambo ambalo wao hawalijui ninalolijua mimi peke yangu katika ua huu, kwa sababu ni mimi peke yangu ninayeamka. Usiku wa kuamkia leo mama mkwe hakulala. Niliposukuma kuni alikuwa ameketi na maharage yake, akaniomba kiberiti, kibatari kilikuwa kimezimwa na upepo. Sikurudi kitandani, nilikaa kwenye moto wangu, na mwanga wake uliwaka mpaka kulipokucha. Mtu asiyelala ameota saa ngapi?

Nimemshika. Miaka mitatu nimengoja, na sasa nimemshika.

15 Juni
Nilimfuata alipobaki peke yake, wengine wako kwenye kupepeta. Sikusema shikamoo.

"Mama, ile ndoto uliiota saa ngapi?"

"Usiku."

"Usiku upi? Uliniomba kiberiti. Nilikuwa macho mpaka asubuhi, na wewe ulikuwa macho mpaka asubuhi. Nilikuwa nakuona."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kubisha.

"Mwaka wa tatu silali, Coleta," akasema. "Nikifumba macho simwoni. Nasikia mkono wake tu, ulivyokuwa wa moto. Wewe unamwona. Unatoka mle ndani asubuhi na uso wa mtu aliyetoka kuzungumza na mtoto wake. Unapita hapa na ndoo yako, mimi nakutazama. Ulidhani sijui?"

"Ungempeleka hospitali."

Limetoka. Nililibeba muda wote huo nikidhani siku likitoka mbingu itaanguka. Kuku waliendelea kula.

"Ningempeleka," akasema.

"Kwa nini hukumpeleka?"

"Nilidhani ni homa. Nimelea watoto saba, wote waliumwa homa." Akachukua harage moja, akalirudisha. "Ndiyo hivyo tu. Sina la zaidi. Nimetafuta la zaidi nikakosa."

Nikamuuliza swali langu. Sikukusudia, lilikuja lenyewe, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyekuwepo. "Aliniita?"

Akausogeza ungo pembeni.

"Hakukuita. Alikuwa ananiita mimi. Nimemkalia pale pembeni, nimemshika, na bado anaita bibi, bibi, kama vile siko."

Sijui kama ni kweli. Mtu aliyetunga ndoto anashindwaje kutunga na hilo? Huenda alinihurumia. Huenda alitaka kuninyang'anya hata kile kilio. Nilimtazama usoni kutafuta uongo, nikakuta uso wa bibi kizee mwenye macho mekundu.

"Nataka liitwe tena hapa uani kabla sijafa," akasema. "Nisikie mtu anaita Avelina, na kitu kinaitika. Ukitaka kwenda kuwaambia, nenda. Siwezi kukuzuia."

Niliondoka nikaenda kupepeta ulezi na wenzangu. Nilipepeta vibaya, nusu ikaenda na upepo.

18 Juni
Baridi kali. Maji ya ndoo yameganda juu.

Zamani nilimchukia vizuri, bila shida. Sasa hata hilo ameniharibia.

23 Juni
Baba mkubwa Loth amerudi. Tumekaa kwa Valerian, mtoto analia katikati yetu. Mama mkwe amesimulia tena ndoto, safari hii kwa kifupi, nguo nyeupe ameiacha. Loth akanigeukia.

"Coleta, wewe ndiye mama wa marehemu. Umesikia ndoto ya mama yako. Una neno?"

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi: huyu mama halali. Ningelisema, Loth angeniuliza nimejuaje, ningemwambia, na yangeisha. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, hakuniomba kwa macho wala kwa kitu.

Lakini baada ya hapo wangeniuliza, na wewe, mtoto amekuambia nini? Ningesema amekataa. Na aliyekataa ni mimi. Ningekuwa nimemvua mwongo nguo huku nami nimevaa za kwake.

"Sina neno, baba," nikasema.

Agnesi akapiga magoti akanishika miguu, akashukuru. Asije mtu akasema nilimhurumia mama mkwe. Sikumhurumia. Nilishindwa tu.

25 Juni
Agnesi hatimaye amempeleka mtoto kwa nesi. Nilimvuta mkono mwenyewe mpaka mlangoni pa zahanati. Amepewa dawa ya sikio na ya kunywa. Nesi aliniuliza kama bado naandika. Nikamwambia naandika. Akaniuliza ninalalaje. Nikamwambia salama.

30 Juni
Amebatizwa. Avelina. Padre aliposema jina, nilishika benchi la mbele yangu. Mtoto hakulia. Usaha umekauka tangu juzi, dawa imefanya kazi yake, lakini kanisa zima liligeuka kutazamana: mmeona? Jina limekubali. Wanawake walipiga vigelegele hadi nje. Nesi Faith alikuwepo, hakusema kitu, nami sikusema.

Nyumbani komoni ilikuwa yangu. Nimeipika mimi, nimeigawa mimi. Wamekunywa, wamesema ni tamu.

2 Julai
Nimejaribu kurudi usingizi wa pili. Nilijua ni mimi tu nitakayemkuta, na bado nilitaka kwenda. Nilijilaza, macho yakakataa kufunga. Nikasikiliza. Kutoka kwenye kijumba cha katikati sauti ikaja ambayo sikuitambua mara moja. Mama mkwe anakoroma.

4 Julai
Anakoroma.

5 Julai
Silali hata ule wa kwanza. Nimemwambia Alois, akasema nipunguze kazi.

8 Julai
Jumuiya imesali kwa Valerian. Mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Tunamshukuru Mama Avelina kwa kutupokea." Agnesi akainamisha kichwa kwa aibu. Mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kusema karibuni. Sasa wananiita Mama Mkubwa.

11 Julai
Uso wa mama mkwe umejaa. Anakula. Leo amecheka na muuza maziwa, sijamsikia akicheka tangu tumzike mtoto. Maharage ameyapika.

Nami nimeanza kukaa usiku na kibatari. Nachagua kimea.

16 Julai
Mchana huu, jua zuri, upepo umetulia. Nilikuwa jikoni nakoroga. Nikasikia Valerian anaita kutoka nje, kwa sauti kubwa, "Mama Avelina!"

"Abee!" nikaitika. Niliacha mwiko ndani ya pipa nikatoka mbio, nafuta mikono kwenye kitenge. Valerian alikuwa amesimama na jembe. Akanitazama, akatazama chini.

"Samahani, shemeji. Nilikuwa namwita huyu."

Agnesi akatoka upande wa pili na mtoto begani, wakaenda zao shambani wote watatu. Nikabaki uani.

Mama mkwe alikuwa amelala kwenye mkeka ukutani, kanga imemfunika miguu. Kelele zote zile hazikumwamsha. Nikasogea. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Chini ya kope macho yalikuwa yanakwenda huku na huku, haraka, na midomo inatikisika kama ya mtu anayejibu maswali. Kisha akatabasamu, tabasamu la kumpokea mtu. Mkono wake mmoja ukanyanyuka kidogo kutoka kwenye mkeka, vidole vimefunguka, ukakaa hewani.

Kwa hiyo Avelina hakupumzika. Walisema hatakuja tena kwa mtu yeyote, na amekuja. Na kama kwangu alikuwa ni mimi tu, kwa huyu mama huenda naye ni yeye tu, huenda ni mtoto kweli, sijui, wala hakuna wa kumuuliza. Nilichokijua ni kimoja: kwamba alikuwa naye, na mimi nimesimama juani nimeitika jina lisilo langu.

Niliinama nikamshika bega nikamtikisa. Sikumtikisa kidogo.

"Mama. Mama, amka. Jua linakupiga."

Akafungua macho. Alichukua muda kunijua. Akageuza kichwa akatazama upande ule mkono ulikokuwa, akaupapasa mkeka, mara mbili, mara tatu, kama aliyeangusha kitu.

"Alikuwa ndiyo kwanza anakaa," akasema. "Coleta, alikuwa ndiyo kwanza anakaa."

Akaanza kulia, bila sauti. Hakuniuliza kwa nini. Nilimsogezea mkeka kivulini, nikarudi jikoni, komoni ilikuwa imeungua chini.